Jibu Alilotoa Mwanangu Juu ya Taya Langu

Kila siku ya Mungu, Jumapili asubuhi, mbele ya kwenda misa, nilikuwa nakunywa kidonge kimoja cha mifupa. Kidonge kidogo, cheupe, chenye ladha ya chokaa. Kinataka kikombe kizima cha maji na tumbo tupu, na ukishakimeza hauruhusiwi kulala wala kuinama mpaka nusu saa ipite, sababu kinaweza kuchoma koo. Nilikuwa nakimeza nikisimama mulangoni, nashikilia mbao ya mulango, naangalia watu wanaoteremka na bidon zao kwenda kuteka maji. Kisha naenda misa na njaa yangu, nakula nikirudi.

Vidonge hivyo, binti yangu Rachelle njo alikuwa ananitumia toka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Anawapatia wamama wa biashara, wanavipakia botini pamoja na sabuni na vitenge vyao, na mumoja wao, Mama Annie, ananiletea mpaka nyumbani. Nilivianza kule kule Kigoma, mwaka niliokwenda kumusalimia. Niliteleza kwenye veranda yake iliyolowa, nikaangukia mukono. Ni kuanguka ambako mutoto angeinuka akicheka. Mimi nilivunjika pahali pawili. Na mugongo nao ulikuwa umeshapungua bila kuniambia, nikawa mufupi kuliko kitambulisho changu kinavyosema. Munganga wa kule alinionyesha picha ya radio kwenye mwanga. Mifupa ya wengine inang'aa kama muhogo uliomenywa. Yangu ilikuwa kivuli, unaona mpaka nyuma yake. Akasema imetobokatoboka ndani kama mukate, na kidonge ni cha kuizuia isiendelee kupungua.

Mwanangu wa kwanza, Bonaventure, hakupenda vidonge vile. Sio kwamba aliviona vibaya. Hakupenda vilikotoka.

Bonaventure ni muntu wa biro, anafanya kazi ofisini hapa Kalemie, na ni mukubwa wa shirika letu kanisani. Nyumba yetu ya mutaa wa Kataki njo yeye anaiangalia tangu baba yao alipokufa. Rachelle hakufika kwenye matanga: ziwa lilikuwa limechafuka, boti hazikutoka Kigoma. Bonaventure alisimama kati ya watu waliokuja kulia, akasema tangu leo mama ana mutoto mumoja. Neno kama lile ukishalisema matangani, unalibeba. Tangu pale kila ninachokula na kila ninachovaa kilipaswa kutoka kwake, ao kusemwa kwamba kimetoka kwake. Siku alipoona boksi ya vidonge juu ya sanduku langu, aliigeuza akaisoma pande zote.

— Hii inatoka wapi?

— Kwa dada yako.

— Dada gani?

Akairudisha pale pale. Nilijua ameona, na yeye alijua kwamba najua.

Fizi zilianza polepole. Kwanza damu kwenye muswaki. Kisha damu kwenye bukari, ugali wetu: unatia tonge mudomoni, unauma, unaona wekundu kwenye vidole. Kisha meno ya chini, upande wa kuume, yakaanza kucheza kama miti ya uzio wa lupango wakati mvua imelainisha udongo. Ukibonyeza na kidole, usaha unatoka. Mado, bibi ya Bonaventure, aliacha kunipikia ndakala, samaki wadogo wakavu, nzima nzima, akawa ananitwangia. Njo yeye alimuambia bwana yake: mudomo wa mama unaoza, hata wageni wanasikia harufu.

Tukaenda kwa Dokta Lydie, munganga wa meno. Ni mama kijana, mufupi, wa miwani, anaongea kama anakuhesabia mayai. Alinikwangua uchafu mugumu kwa siku mbili tofauti, akanifundisha upya kupiga muswaki kama mutoto wa darasa la kwanza. Upande wa kushoto ulipona. Wa kuume ukakataa. Alichomeka kijiti chembamba cha chuma chenye alama kati ya jino na ufizi, kikazama, kikazama tena. Akanieleza, na mimi nilielewa vizuri: ufizi umeachana na jino, umefanya mufuko, na uchafu unashuka mule mpaka kwenye mizizi. Kufagia toka juu hakufiki. Inafaa kuupasua ufizi, kuufungua kama unafunua ukurasa, kusafisha mizizi na mufupa ukiwa unaviona, halafu kuurudisha na kuushona. Jino moja la nyuma halikuwa tena na kitu cha kulishika. Hilo atalitoa siku ile ile.

Kwetu mugonjwa haendi kwa munganga peke yake. Anaenda na garmalade, muntu wa familia anayemubebea maji, anayemushika mukono, na anayesema. Hilo la kusema njo kubwa. Mugonjwa anakaa, garmalade anaeleza: ilianza lini, amekula nini, ameenda choo. Na kama mugonjwa ni mama muzee, na garmalade ni mutoto wake mwanaume wa kwanza, mama akifungua mudomo watu wanaona amemuvua mutoto nguo. Hata wanganga wamezoea. Wanamuangalia garmalade, wanauliza, «Anakula vizuri?» Kama wanaulizia mbuzi sokoni.

Mara mbili za kwanza nilienda na Mado. Siku ya kupasuliwa Bonaventure akasema:

— Hii ni operesheni. Hapa inafaa mwanaume.

— Njo wewe utapasuliwa? Mado akamuuliza.

Alivaa koti lake la misa, tukapanda moto mbili, zile pikipiki za kukodi, tukavuka matope.

Dokta Lydie alinilaza kwenye kiti, akanichoma sindano za ganzi, akanijaza pamba shavuni ili mate yasimusumbue. Tulipokuwa tunangoja ganzi ishike, alitoka mpaka kwenye meza yake, upande wa pili wa mulango, akamuita Bonaventure. Mulango ulikuwa wazi. Niliona mugongo wa koti.

— Mama ana sukari?

— Hana.

— Tension?

— Inapanda kidogo, akinikasirikia mimi.

Wakacheka wote wawili.

— Kuna dawa anakunywa? Za moyo? Za damu?

— Hakuna.

— Na za mifupa? Mugongo wake umeinama, na kwenye picha ya radio naona mufupa wa taya ni mwembamba. Kuna vidonge wanapewaga wamama wa umri wake.

Kukawa kimya kidogo. Kulikuwa ni kimya cha muntu anayechagua, sio cha muntu asiyejua. Mimi nimemuzaa, nakitambua.

— Dokta, mama yangu, mimi njo ninamununulia kila kitu. Kama kungekuwa dawa ya mifupa, ningekuwa nimeinunua mimi. Hakuna.

Niliinua mukono. Ulimi ulikuwa umeshakuwa muzito, shavu si langu tena, pamba imenijaa. Nilichotoa ilikuwa sauti ya ng'ombe. Dokta akaja haraka.

— Inauma, Mama?

Nikatikisa kichwa: hapana. Nikaonyesha mulango. Nikaonyesha mukono wangu ule uliovunjika. Nikafanya kwa vidole kama ninameza kitu.

— Unataka maji?

Bonaventure akaongea toka mulangoni, na sauti yake nzuri, ile ya kusoma masomo kanisani:

— Ni woga, Dokta. Mama yangu ni muntu wa woga toka zamani. Endelea tu. Mama, utulie, niko hapa.

Akaja, akanishika ule mukono niliouinua, akaushusha juu ya tumbo langu. Akaushikilia pale mpaka kisu kikaingia.

Kuuma, hakukuuma. Nilisikia tu kukwangua, kama muntu anayetoa ukoko wa bukari kwenye sufuria, isipokuwa sufuria ni kichwa chako. Jino lilitoka bila kubishana. Mwishowe akashona na uzi mweusi, akaniandikia dawa ya maumivu na maji ya kusukutua. Bonaventure alimushukuru kwa maneno mengi. Kwenye njia aliniambia:

— Umeona, Mama? Imeenda vizuri.

Nilikuwa bado na pamba.

Siku ya kutoa nyuzi, ufizi wa mbele ulikuwa umeshika, umekuwa mwekundu mzuri kama wa mutoto. Ila pale jino lilipotoka palibaki shimo. Dokta alisema panachelewa tu, tungoje. Bonaventure alikuwa amesimama nyuma yangu, vidole vyake juu ya bega langu, na mimi nikangoja kama nilivyoambiwa. Nilisukutua asubuhi, muchana na jioni. Shimo halikujaa. Siku moja ulimi wangu ulikuta kitu mule: kigumu, chenye ncha, kama kipande cha sahani iliyovunjika. Nikafikiri ni jino limebaki. Harufu ikarudi, mbaya kushinda ya kwanza, na wajukuu wakaanza kubeba sahani zao wakaenda kula kwenye veranda.

— Mama hasukutui, Bonaventure akasema.

— Anasukutua, Mado akasema. Mimi njo ninamuchemshia maji.

— Basi hasukutui vizuri.

Nilingoja siku yeye yuko biro na Mado yuko sokoni. Nikafunga boksi ya vidonge kwenye pembe ya kitenge, nikaenda barabarani, nikasimamisha moto. Dereva akaniangalia.

— Koko, unaenda wapi peke yako? Watoto wako wako wapi?

— Walikufa wote, nikamuambia. Uendeshe polepole.

Dokta Lydie aliangalia mule ndani na taa, muda murefu. Alipogusa kile kigumu na chuma chake, sikusikia kitu.

— Hii si jino, Mama. Ni mufupa wa taya. Umekufa, njo maana ufizi unakataa kuufunika.

Nikafungua pembe ya kitenge, nikamupa boksi. Aliisoma, akaigeuza, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu.

— Unakunywa hizi tangu lini?

— Tangu nilivunjika mukono. Ni miaka.

— Lakini mimi niliuliza.

— Ulimuuliza Bonaventure.

Alivua miwani, akaifuta na kanzu yake nyeupe, akaivaa tena.

— Nilipaswa kukuuliza wewe, mbele ya ganzi. Hilo ni kosa langu, sitamubebesha muntu mwingine. Na yeye, alikuwa anajua?

— Alikuwa anajua.

Akanieleza. Vidonge vile si sumu. Kwa mifupa kama yangu ni vizuri, na wengi wanaovikunywa wanapasuliwa fizi, wanang'olewa meno, wanapona bila shida. Ila kuna wachache, zaidi wale waliovikunywa miaka mingi, ambao mufupa wa taya ukishaguswa hauwezi kujitengeneza. Unakaa pale, unakufa.

— Kama ningejua, akasema, singekataa kukutibu. Ufizi ule usingeachwa kuoza. Ila ningefanya kidogo kidogo. Singefungua pakubwa vile, singeng'oa siku ile ile, ningekupa antibiotiki mbele na nyuma ya kupasua, na singekuacha ungoje vile nilivyokuacha.

— Na ningepona?

— Sijui, Mama. Inawezekana ungepona. Inawezekana hata vile ungeumwa. Hakuna munganga atakuapia.

Jibu hilo limenikaa kooni kuliko mengine yote. Kama angesema «ungepona», hasira yangu ingepata kiti. Sasa haina kiti. Inazungukazunguka nyumbani na mimi, inashika sufuria, inaweka.

Alinipa dawa za kukausha usaha, akasimamisha vidonge vya Jumapili kwa muda, akapigia mwenzake simu wakaulizana mbele yangu. Akasema nyuma ya dawa itafaa kupasua mara ya pili, kutoa mufupa uliokufa pamoja na meno mawili ya jirani yake. Nikiacha, usaha unaweza kutoboa mpaka inje ya shavu, na taya lenyewe linaweza kuvunjika siku moja nikitafuna. Nikamuambia afanye. Akasema atafanya, ila familia ijue, sababu nitalishwa vitu vya majimaji kwa muda, na mudomo hautakuwa kama zamani.

Familia kujua, kwetu, ni kikao.

Papa Grégoire, mudogo wa marehemu bwana yangu, njo mukubwa wa familia. Alikuja siku ya Mungu nyuma ya misa, na wengine wakaja nyuma yake. Mado alipika wali na samaki, mikebuka ya mafuta. Bonaventure alisimama.

— Mama alituficha, akasema. Kuna dawa za Kigoma, zinapita kwa wamama wa botini, bila munganga wa hapa kujua. Rachelle njo anazituma. Dawa hizo zimeua mufupa wa taya. Dokta mwenyewe anasema. Mimi nilienda pale na moyo safi, nikajibu kile nilichokijua. Sasa wanataka kumukata mama tena. Mimi sitatia mukono wangu kwa kitu kilichoanza na kufichana.

Watu waligeuka, wakaniangalia mimi. Nilifuta mate, nikasema:

— Hakuna aliyeficha. Boksi ilikuwa juu ya sanduku, na aliisoma. Dokta alimuuliza juu ya dawa za mifupa, yeye akasema hakuna. Nilikuwa nasikia.

— Mama alikuwa na ganzi, Bonaventure akasema kwa upole. Muntu wa ganzi anasikia nini?

Wawili watatu wakacheka.

— Ganzi waliiweka kwenye taya, nikasema. Masikio hawakuyachoma.

Hapo hakucheka muntu. Papa Grégoire aliinuka, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya jiko, pale Mado anapoanika sahani.

— Shemeji, mutoto wako ni muntu wa watu. Unataka shirika zima liseme amemuuza mama yake kwa munganga?

— Sikusema ameniuza. Nimesema alichosema.

— Useme tu ulisahau kumuambia. Neno dogo. Leo inaisha, na kesho yeye mwenyewe anakupeleka kwa Dokta.

— Na nikikataa?

— Nani atakusindikiza? Amekwisha kusema hatatia mukono kwa uongo.

— Uongo wa nani, Shemeji?

— Mimi nimekuja kufunga maneno, akasema. Sikuja kufungua.

Alikuwa amechoka. Njiani alikuwa amelowa na mvua, viatu vyake vilikuwa vinatoa maji. Nilimuonea huruma, na ile huruma nayo ilinikasirisha. Tukarudi ndani. Nikasema mbele ya wote:

— Sikusahau.

Walikula kwanza, kisha wakaondoka. Nilikaa nikiangalia mikebuka ile ikiisha, mimi na bakuli yangu ya uji.

Mado njo alinisindikiza. Alimuambia bwana yake anaenda kumusalimia dada yake kule Lubuye. Mbele ya sindano ya kwanza Dokta Lydie alikaa mbele yangu, akaniuliza kila kitu mimi mwenyewe, na Mado akangoja inje, chini ya mabati, na chupa ya maji. Kazi ilichukua muda. Kile walichotoa Dokta alinionyesha kwenye kisahani: meno mawili, na kipande cha mufupa cha rangi ya kijivu, chepesi, chenye vitobo. Nilishangaa jinsi kilivyo kidogo.

Mara hii ufizi ulishika. Taya limebaki, halikuvunjika. Ila upande wa kuume midomo haisikii tena, mate yanatoka bila kuniomba ruhusa, na maneno yangu yanatoka yamelowa. Mado ananisikia vizuri, sababu tunashinda pamoja. Wengine wanataka kurudiliwa. Rachelle akipiga simu, analia tu. Bonaventure alimuambia kwamba yeye njo amemuharibu mama, na vidonge ambavyo Dokta alivisimamisha kwa muda, yeye amevisimamisha milele. Mama Annie hapiti tena kwetu. Mifupa yangu iliyobaki inaendelea na kazi yake ya kupungua.

Na wageni wakija, Bonaventure anakaa karibu na mimi, kwenye kiti cha baba yake. Wananiuliza habari, najibu, wanamuangalia yeye. Yeye anawaambia nilichosema.

Juzi Papa Grégoire alirudi. Alileta kuku, tukajua amekuja kupatanisha. Mado alitia chai. Papa Grégoire aliongea juu ya mvua, juu ya treni ya Nyunzu ambayo haijafika, kisha akaweka kikombe chini.

— Shemeji, akaniuliza, mutoto wako umemusamehe?

— Bado, nikasema.

Bonaventure akainamisha kichwa.

— Mama anasema amesamehe. Anakushukuru kwa kuja.

Nikamuangalia Mado. Mado alikuwa ameshika birika, akaanza kumuongezea Papa Grégoire chai. Yeye anabaki na huyu bwana mimi nikishaenda, sikumulaumu.

— Bado, nikasema tena. Nililisema polepole, nikashika mudomo na kidole upande ule unaovuja, ili neno litoke kavu.

Papa Grégoire alisikia. Nilimuona: macho yake yalikuja kwangu, yakakaa, yakaenda kwa mutoto wangu, yakashuka kwenye kuku aliyefungwa miguu pale chini. Kisha akavua kofia, akainuka, akasema tumushukuru Mungu aliyerudisha amani katika nyumba hii. Wote wakasimama. Aliomba kwa muda murefu, akatutaja mumoja mumoja, na Rachelle hakumutaja. Alipomaliza wote wakasema amina, na Bonaventure akasema amina mara mbili, moja yake, moja ya kwangu.